Kwenda Uingereza kusomea huduma: maandalizi ya mwaka wa masomo unaoanza Septemba

Mwaka wa masomo wa Uingereza huanza mwishoni mwa Septemba. Kwa mtumishi anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, maandalizi yaanze Oktoba ya mwaka unaotangulia, na hata hivyo atajikuta anakimbizana na tarehe. Wanaokwama njiani mara nyingi wito wanao, vyeti wanavyo na barua ya askofu wanayo. Kinachowakwamisha ni hesabu: fedha iliyochelewa kuingia benki kwa siku kumi, salio lililoshuka kwa siku moja tu, kipimo cha kifua ambacho majibu yake yalichukua miezi miwili. Ndiyo maana tunakaa sana kwenye fedha na kalenda, na kupita haraka kwenye mambo ambayo chuo chenyewe kitakueleza.

Viwango vya ada tunavyotaja ni vya mwishoni mwa 2025. Serikali ya Uingereza hupenda kuvipandisha mwezi Aprili, kwa hiyo vihakikishe kwenye tovuti ya gov.uk siku unayotaka kulipa.

Oktoba hadi Januari: chuo

Kabla ya kupenda picha za chuo, fungua orodha ya vyuo vilivyopewa leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Ipo wazi kwenye gov.uk na hupatikana bure. Chuo kisichokuwemo hakiwezi kukupa CAS, yaani uthibitisho wa kupokelewa ambao chuo huuingiza kwenye mfumo wa uhamiaji na kukupa namba yake. Bila namba hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Shule nyingi ndogo za Biblia huko Uingereza hazimo kwenye orodha. Si kwamba ni za kitapeli: zinahudumia makanisa ya mtaani kwao, na kozi zao unaweza kuzisoma kwa mtandao ukiwa Dodoma. Matapeli wapo pia, nao hujulikana kwa haraka yao: barua ya kukubaliwa inakuja kwa WhatsApp siku mbili baada ya kuulizia, ikifuatiwa na ombi la "ada ya usajili" itumwe kwa jina la mtu.

Jambo la pili la kuuliza ni nani anayetunuku cheti. Vyuo vingi vya uchungaji havitoi shahada kwa jina lao; vinaandaa watu kwa shahada za chuo kikuu fulani. Kwa mfano, vyuo vinavyoandaa watumishi wa Kanisa la Uingereza kwa kiasi kikubwa hutumia tuzo za Chuo Kikuu cha Durham. Hili lina maana ukirudi nyumbani, kwa sababu cheti chako kitapelekwa kwa tume ya vyuo vikuu, TCU nchini Tanzania au CUE nchini Kenya, kutambuliwa, na jina linaloangaliwa ni la aliyetunuku.

Kisha jiulize kwa nini usisome vyuo vya hapa kwetu, kama vya Makumira, Limuru au Mukono, ambako ada ni sehemu ndogo tu ya utakayolipa Uingereza. Swali hili litaulizwa na wazee wa kanisa, litaulizwa na wafadhili, na afisa wa viza naye ataliuliza. Jibu lenye nguvu linataja kitu mahususi. Anayetaka kutafiti historia ya Ukristo wa Afrika ana sababu ya kwenda New College, Edinburgh, penye kituo cha utafiti wa Ukristo wa dunia kilichoanzishwa na mwanahistoria wa misheni Andrew Walls. Anayetaka stashahada ya jumla ya uchungaji atapata shida kueleza kwa nini asibaki hapa, na pengine ni kweli kwamba abaki.

Maombi yenyewe huhitaji barua mbili za wadhamini, moja ya kitaaluma na moja ya kanisa. Ya kanisa ndiyo huharibika. Mchungaji huandika kwamba mwombaji ni mcha Mungu, mnyenyekevu na mwenye bidii, na barua inaishia hapo. Mwombe aandike amekufahamu tangu lini, umefanya huduma gani na kwa muda gani, umeonyesha udhaifu gani na umeushughulikiaje, na kanisa litakupangia kazi gani ukihitimu. Ukurasa mmoja wenye mambo hayo unatosha.

Kiingereza: kwa kozi ya kiwango cha shahada, uhamiaji unataka kiwango cha B2, ambacho kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni 5.5 katika kila kipengele kati ya vinne. Chuo mara nyingi hutaka zaidi, 6.5 kwa ujumla ni kawaida. Hapa pana mtego. Kuna IELTS ya kawaida na kuna IELTS iliyoidhinishwa kwa ajili ya viza ya Uingereza. Mtihani ni uleule lakini cheti ni tofauti, na baadhi ya vyuo hulazimika kudai hicho cha pili. Uliza chuo kwa barua pepe kabla ya kulipia mtihani. Kufundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hakukuondolei sharti hili moja kwa moja, kwani Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza.

Fedha: mahali penye ajali nyingi

Chukua mfano wa shahada ya uzamili ya miezi 12, nje ya London. Unatakiwa kuonyesha vitu viwili: ada ya masomo ya mwaka ambayo bado hujailipa, pamoja na fedha ya kujikimu ya pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani pauni 10,539. Chuo kikiwa ndani ya London ni pauni 1,529 kwa mwezi, jumla 13,761. Ongeza ada ya viza, iliyokuwa pauni 524 mwishoni mwa 2025, na ada ya huduma ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Wengi huishia kulipa 1,164, kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 hutolewa na miezi ya ziada mwanzoni na mwishoni, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu. Hiyo hulipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Wanaopanga bajeti husahau kipengele hiki kuliko kingine chochote, labda tiketi ya kurudi.

Sasa kanuni ya siku 28. Fedha yote inayotakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isizidi siku 31 kabla ya tarehe unayolipia ombi. Ukilipia tarehe 20 Julai kwa taarifa ya benki inayoishia tarehe 15 Julai, fedha iwe imekamilika tangu tarehe 18 Juni. Katikati hapo usilipe ada ya shule ya mtoto kutoka akaunti hiyo. Usitoe hata ya nauli. Na kwa kuwa kiwango ni cha pauni huku akaunti yako ni ya shilingi, weka nyongeza ya asilimia kumi. Shilingi ikishuka wiki ya mwisho, salio lililotosha jana halitoshi leo. Uhamiaji hutumia viwango vya kubadilishia fedha vya tovuti ya OANDA, kwa hiyo piga hesabu zako kwa hivyo, achana na vya benki ya mtaani.

Kinachohesabiwa ni fedha taslimu iliyo benki. Hisa hazihesabiwi, wala kiwanja, wala mifugo, wala ahadi za harambee. Fedha iliyo kwenye simu ihamishie benki mapema. Akaunti iwe ya jina lako, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake na barua yake ya ridhaa. Kwa Tanzania, cheti hicho kitoke RITA. Cha ubatizo hakikubaliki badala yake.

Linalowashangaza watumishi wengi ni kwamba kanisa halihesabiwi kama mfadhili rasmi. Wafadhili wanaotambuliwa ni serikali, British Council, vyuo vikuu, mashirika na makampuni ya kimataifa na wengine wachache wa aina hiyo. Usharika au dayosisi haimo. Barua ya askofu isemayo "tutamgharimia yote", hata ikiwa na muhuri na nembo, haifuti sharti la fedha kuwa kwenye akaunti yako. Watu wamenyimwa viza wakiwa na dayosisi nzima nyuma yao.

Namna ya kulipanga ni hii. Kanisa lilipe ada ya masomo moja kwa moja kwa chuo, na pia pango la bweni la chuo, kabla CAS haijatolewa. Chuo kitaandika malipo hayo ndani ya CAS, na yatapunguza kiasi unachotakiwa kuonyesha. Kwa upande wa malazi punguzo halivuki pauni 1,529. Kilichobaki kiingizwe kwenye akaunti yako kama zawadi, kikae siku zake 28, na utunze barua ya kanisa inayoeleza kimetoka wapi, kwa sababu salio lililopanda ghafla huzua maswali. Hapa pia ndipo harambee hupangwa vibaya. Desturi ni kuifanya Jumapili ya mwisho, siku ya kukuaga, Agosti. Ifanyike Mei. Ya kukuaga iwe ya maombi na chai.

Kuhusu kukopa fedha kwa rafiki ili ionekane benki kisha uirudishe: usifanye. Utafika huko huna kitu, na mwanafunzi wa theolojia anayeanza safari kwa hesabu za uongo ana tatizo kubwa kuliko viza.

Kabla ya kulipa amana ya chuo, omba masharti ya kurudishiwa kwa maandishi. Viza ikikataliwa, ada ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi, na amana hutegemea chuo.

Juni na Julai: viza

Mkazi wa nchi zetu anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kuwa na cheti cha kutokuwa na kifua kikuu, kutoka kliniki iliyoidhinishwa pekee. Hospitali ya wilaya au ya misheni, hata iwe nzuri kiasi gani, haikubaliki. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huduma hii hutolewa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Utapigwa picha ya kifua; ikiwa safi, cheti hutoka haraka na hudumu miezi sita. Ikionekana alama yoyote, hata kovu la ugonjwa uliopona zamani, utatoa makohozi yaoteshwe maabara, na majibu huchukua hadi wiki nane. Kwa hiyo aliyewahi kuugua kifua, au aliyeishi na mgonjwa, apime Aprili au Mei, asingoje Julai. Kina mama wajawazito waseme mapema ili wapangiwe utaratibu wao.

CAS ikitoka, isome neno kwa neno kabla ya kuitumia. Jina lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu kwenye cheti cha kidato cha nne na mawili kwenye pasipoti tunaumia hapa. Hakikisha kiasi kilicholipwa kimeandikwa, tarehe ya kuanza kozi ni sahihi, na vyeti vilivyotumika kukukubali vimetajwa, kwani vyeti hivyohivyo ndivyo utakavyotakiwa kuonyesha. Ombi laweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya kozi kuanza, si mapema zaidi. Baada ya kutoa alama za vidole kwenye kituo cha maombi, jibu huja kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Huduma ya haraka ya siku tano za kazi ipo kwa nyongeza ya pauni 500, na kwa aliyejipanga ni fedha ya kutupa.

Hati yoyote ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina la mfasiri, anwani yake, sahihi, tarehe na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Wanaotoka Bukavu, Goma na Bujumbura hili liwakae kichwani, maana karibu kila cheti chao kinahitaji kufasiriwa.

Unaweza kuitwa kwenye mahojiano kwa video. Maswali si ya imani. Afisa anataka kujua kama wewe ni mwanafunzi wa kweli: kwa nini kozi hii, utasoma moduli zipi, zinagharimu kiasi gani, nani analipa, utaishi wapi, utafanya nini baadaye. "Mungu ameniita" ni jibu la kweli, lakini swali halikuwa hilo. Jibu la aina hii ndilo linalosaidia: "Nimefundisha darasa la Agano la Kale miaka minne kwenye chuo cha Biblia cha dayosisi. Chuo kinataka mwalimu mwenye shahada ya uzamili ili kipate ithibati, na moduli mbili za Kiebrania zilizopo kwenye kozi hii hazipo kwenye kozi nilizoziona nchini." Zijue moduli zako kwa majina, na jibu kwa sauti yako. Majibu ya kukariri hutambulika ndani ya dakika mbili.

Siku hizi viza huja kwa njia ya mtandao. Utafungua akaunti ya uhamiaji na kuiunganisha na pasipoti yako. Ukibadilisha pasipoti baadaye bila kuihuisha akaunti, utakwama kaunta ya ndege. Angalia tarehe ya kuanza viza, na usitue Uingereza kabla yake, hata kwa saa chache.

Familia na usharika

Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili ya kufundishwa haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Ruhusa imebaki kwa wanaosoma shahada za utafiti, kama ya uzamivu, na wenye ufadhili wa serikali. Wenzi wazungumze hili kabla ya kutuma maombi ya chuo, si baada ya viza kutoka. Mwaka mmoja ni mrefu kwa nyumba yenye mtoto mchanga.

Na baraza la kanisa, msiishie kwenye maneno ya "tutakuwa pamoja". Andikeni kwenye muhtasari wa kikao: posho itaendelea kwa kiwango gani na itaingia akaunti ya nani, familia itaendelea kukaa nyumba ya mchungaji au itahama, nani atalipa michango ya NSSF na bima ya afya, ambayo kwa Kenya sasa ni SHA, nani anashika madhabahu, na utarudi kwenye nafasi gani. Viongozi hubadilika. Mwenyekiti mpya atakayechaguliwa Februari hajui mliahidiana nini Agosti, na mama mchungaji ndiye atakayehangaika naye.

Mwachie mwenzi wako hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, ili aweze kusaini shuleni, benki au ofisi ya ardhi. Mwachie pia orodha ya madeni, ya kudaiwa na ya kudai.

Kama kozi ina mazoezi ya huduma, chuo kitataka cheti cha polisi cha nchi ulikoishi. Kichukue kabla ya kuondoka. Kenya ni ile hati ya tabia njema ya DCI, inayoombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050. Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kuifuatilia ukiwa Birmingham ni mateso.

Kichwa nacho kiandaliwe

Vyuo vya Uingereza huhesabu kazi kwa krediti, na krediti moja ni saa kumi za kazi. Mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya uzamili ina 180, saa 1,800. Moduli ya krediti 20 ni saa 200, na huenda vipindi vya darasani visizidi thelathini. Zilizobaki ni zako na maktaba. Mwanafunzi aliyezoea mwalimu kuandikia ubaoni huiona ratiba ya wiki ya kwanza nyepesi, akakubali mialiko ya kuhubiri kila Jumapili, na Novemba insha tatu zinamkuta hajasoma.

Anza mazoezi Mei. Kila siku soma kurasa ishirini za kitabu cha theolojia cha Kiingereza, kisha andika aya moja: mwandishi anadai nini, anatumia ushahidi gani, na wewe unaona wapi hajakamilisha. Hilo la tatu ndilo linalopewa alama. Kufikia Julai andika insha moja ya maneno 1,500 yenye vyanzo visivyopungua sita, na umpe mwalimu wa chuo cha karibu aisahihishe bila huruma. Kama utasoma Kigiriki, herufi zake 24 ziwe kichwani kabla ya kupanda ndege.

Wizi wa maandishi unahitaji onyo la peke yake. Mimbarani tumezoea kuchukua muhtasari wa mhubiri mwingine, kisa chake, hata utani wake, bila kumtaja, na hakuna anayelalamika. Kwenye insha, sentensi moja ya mtu mwingine isiyo na alama za kunukuu na tanbihi ni kosa la nidhamu, na mfumo wa kompyuta utaiona. Jizoeze kuandika chanzo na ukurasa papo hapo unaponakili dondoo, si usiku wa kukabidhi.

Alama pia husomwa tofauti. Katika uzamili 50 ni kufaulu, 70 ni daraja la juu kabisa, na 85 karibu hazionekani. Ukipata 58 kwenye insha ya kwanza, hujafeli.

Begi

Plagi za Uingereza ni zilezile za Kenya, Tanzania na Uganda, zenye miguu mitatu bapa, na umeme ni uleule. Adapta itamfaa anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi. Nyama na maziwa vya aina yoyote haviruhusiwi kuingizwa kutoka nchi zetu, kwa hiyo samli ya bibi na nyama iliyokaushwa vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Unga wa sembe usibebe. Maduka ya Waafrika na Wahindi yanauza katika miji mingi. Dawa unazotumia kila siku beba za miezi mitatu pamoja na cheti cha daktari. Tengeneza meno na miwani nyumbani, kwani ada ya afya uliyolipa haikupi meno bure kwa umri wako, na England kila dawa unayoandikiwa ni pauni 9.90.

Koti zito nunua Gikomba au Karume kwa bei ya chai. Limeshavaliwa Ulaya mara moja, litaijua njia. Viatu visiwe vya mitumba iliyochoka. Viwe visivyopitisha maji, kwa sababu mvua ya huko ni ya kunyonyota siku nzima na hainyeshi ikaisha. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na wengi hupata huzuni wasiyoielewa wakadhani ni vita vya kiroho tu. Toka nje mchana kila siku, na uione zahanati ikizidi.

Weka pauni 200 hadi 300 taslimu na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, kwani kufungua akaunti huko kwaweza kuchukua wiki kadhaa. Vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi.

Huduma ukiwa huko

Kanisa litakalokupokea litataka uhudhurie mafunzo ya kulinda watoto na watu walio dhaifu kabla hujagusa huduma yoyote. Usiyachukulie kama usumbufu wa makaratasi. Huruhusiwi kubaki peke yako na mtoto chumbani, kumpa lifti, kumpiga picha na kuituma kwenye kundi, wala kumchapa hata kofi la mapenzi. Kuombea mtu kwa kumwekea mikono, omba idhini yake kwanza, na maombezi ya kufungua watu yasifanyike bila mchungaji mwenyeji kujua. Mtumishi mwenye miaka ishirini ya huduma anaweza kuondolewa kwenye mazoezi kwa jambo ambalo kwao ni la kila Jumapili.

Mahubiri katika makanisa mengi ya England ni dakika 15 hadi 20. Ukipewa ishirini, ni ishirini. Wahadhiri huitwa kwa jina la kwanza, na hawaoni umewadharau. Kuendelea kumwita "Profesa" kila sentensi humkosesha raha.

Kisha bahasha. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kazi ya kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kozi ya chini ya shahada saa 10. Kujiajiri hairuhusiwi kabisa. Mhubiri anayezunguka makanisani na kulipwa kwa kila mwaliko anaweza kuhesabiwa kuwa amejiajiri, hata kama kwetu ile ni sadaka tu ya kumshukuru mtumishi. Kurudishiwa nauli kwa risiti ni jambo jingine. Kabla ya kupokea chochote zaidi ya nauli, muulize afisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo chako, kwa barua pepe ili jibu libaki.

Simu za nyumbani zipangie saa. Majira ya joto Nairobi na Dar es Salaam wako mbele kwa saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma na tofauti inakuwa saa tatu, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Saa tatu usiku ya Mwanza, watoto wakiwa wanasinzia, kwako ni saa kumi na mbili jioni ukiwa bado maktaba.

Anayeingia mwaka wa pili

Kwako wewe kazi ni fupi. Angalia tarehe ya mwisho ya viza dhidi ya tarehe ya mwisho ya kozi, hasa kama uliahirisha moduli. Anayehitaji kuongeza muda huomba akiwa bado ndani ya viza halali, kwa CAS mpya. Jiandikishe tena chuoni ndani ya wiki uliyopangiwa, maana chuo kinalazimika kuitaarifu idara ya uhamiaji kuhusu asiyeonekana. Ukihama bweni kwenda nyumba ya kupanga, chukua barua ya chuo uipeleke halmashauri ili usamehewe kodi ya halmashauri (council tax, si pango la nyumba), ambayo mwanafunzi wa muda wote hatakiwi kuilipa. Na ripoti ya mwaka wa kwanza itume kwa kanisa lililokulipia kabla ya kikao chao cha bajeti, pamoja na ankara ya mwaka unaokuja, kwa pauni na kwa shilingi.